Matunda ya Pemba kwenda Maskati, na machipukizi ya migomba kutoka Ngazija: masharti ya afya ya mimea yakoje?

Mkulima wa Wete

Assalamu alaykum wanajukwaa. Naomba msaada wa wale wanaoijua kazi ya ukaguzi wa mimea na biashara ya mazao nje ya nchi.

Kikundi chetu kiko upande wa Wete, Pemba. Tuna miembe ya boribo, mishokishoki, migomba, na mikarafuu tuliyorithi kwa wazee. Jamaa yetu anayeishi Maskati ametupatia mwenye duka la matunda anayetaka kupokea maembe na shokishoki kwa ndege, kwanza kidogo, kisha kwa wingi iwapo mzigo wa mwanzo utafika salama. Tulitarajia aanze na bei. Badala yake aliuliza kama tutaweza kuambatanisha cheti cha afya ya mimea kinachotambulika kwao, na tena akauliza tunafanya nini shambani kuhusu nzi wa matunda. Suala hili la pili lilitushangaza zaidi, kwani wengi wetu tulikuwa tukiamini kwamba cheti hupatikana uwanja wa ndege, baada ya mkaguzi kufungua maboksi mawili matatu na kugonga muhuri.

Wapo pia wanaotuambia kwamba karatasi ya Bara inatosha kwa kuwa nchi ni moja, na wengine wanasema kila upande una yake. Tungependa kujua ukweli wa jambo hilo kabla ya kumjibu mnunuzi.

La mwisho, mwenzetu mmoja ana ndugu Ngazija ambaye ameahidi kutuletea kwa jahazi machipukizi ya migomba ya aina inayozaa mikungu mikubwa. Yatafungwa ndani ya magunia pamoja na udongo wake ili yasikauke njiani. Je, kuna kibali chochote kinachohitajika kwa machipukizi machache ya kugawana sisi kwa sisi, au hilo ni jambo la wafanyabiashara tu?

Mkaguzi Mstaafu

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hapa Unguja, na utaniwia radhi nikianza na ulilolitaja mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kuliko mengine yote uliyoyaeleza.

Machipukizi hayo msiyapokee. Ugonjwa wa mnyauko fuzari wa migomba, ule mkali ambao wataalamu huutaja kwa kifupi TR4, ulithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, na mwaka 2019 ukathibitishwa Mayotte, kisiwa ambacho kwa jiografia kimo katika funguvisiwa hilo hilo la Ngazija. Kuvu inayousababisha huishi ardhini, hutengeneza mbegu zake zenye ganda gumu, na mbegu hizo hukaa katika udongo kwa miongo kadhaa hata kama hakuna mgomba hata mmoja uliopandwa hapo. Hakuna dawa ya kuitibu shamba likishaingiliwa. Kinachowadanganya watu ni kwamba chipukizi linaweza kuwa zuri kwa macho, jani kijani na shina gumu, ilhali kuvu imekwisha kuingia kwenye mishipa yake. Mpaka mgomba ukue, majani ya chini yaanze kugeuka manjano kuanzia ukingoni na kuning'inia, nanyi mulikate shina na kuona alama za kahawia nyekundu ndani yake, mutakuwa mumekwisha kugawana machipukizi ya machipukizi kijiji kizima. Tena munasema yaja na udongo wake. Udongo huo peke yake, hata ungekuja bila chipukizi lolote, unatosha kuuleta ugonjwa.

Aina ya awali ya ugonjwa huu ndiyo iliyomaliza migomba ya Gros Michel katika mashamba ya biashara ya Amerika ya Kati katikati ya karne iliyopita, hata makampuni yakahamia ndizi za Cavendish ambazo ziliuhimili. TR4 inaiua Cavendish vilevile, pamoja na aina nyingine nyingi. Sheria haiangalii kama mzigo ni wa biashara au wa zawadi, wala kama ni gunia moja au kontena. Mmea wa kupandwa unaotoka nje ya nchi unahitaji kibali cha kuingiza kilichotolewa kabla haujaondoka ulikotoka, na cheti cha afya ya mimea cha huko. Na kwa machipukizi yenye udongo kutoka eneo la namna hiyo, sidhani kama kuna mkaguzi makini atakayekupa kibali hicho.

Kama kweli mnataka aina mpya ya migomba, nendeni kwa watafiti wa kilimo wa Kizimbani muulizie miche iliyozalishwa maabara kutokana na kipande kidogo cha kiini cha mgomba. Miche hiyo haina udongo, na njia hiyo huondoa kuvu na bakteria, ingawa virusi vinaweza kubaki, kwa hiyo lazima mgomba mama upimwe kwanza kwa virusi vya majani shada, ugonjwa unaoyasonga majani ya mgomba kileleni.

Sasa cheti. Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea ulipitishwa mwaka 1951 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ukafanyiwa marekebisho mwaka 1997, na ndio uliotoa umbo la cheti hiki linalotumika ulimwenguni kote. Cheti ni kauli ya serikali kwa serikali. Hakitolewi na mnunuzi, wala wakala wa mizigo, wala kampuni ya kufukiza, bali na chombo rasmi cha hifadhi ya mimea cha nchi inayosafirisha. Kinachotamkwa humo ni kwamba mzigo umekaguliwa kwa utaratibu unaofaa, haukuonekana kuwa na visumbufu, yaani wadudu na maradhi, ambavyo nchi inayopokea imevitaja, na umetimiza masharti ya nchi hiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu wengi huyapita bila ya kuyasoma. Mkaguzi wa Zanzibar hawezi kuthibitisha masharti ya Oman ambayo hajayaona. Kwa hiyo mwambieni mwenye duka aombe kwanza kibali cha kuingiza kwa mamlaka za kilimo za kwao. Nchi za Ghuba zina sheria ya pamoja ya karantini ya kilimo, na kibali kitaonyesha masharti ya maembe na ya shokishoki, kila tunda kwa lake. Nakala ya kibali hicho iwafikie watu wa utibabu wa mimea hapa kwetu kabla hamjavuna, kwani baadhi ya masharti hutimizwa shambani, na mkungojea mpaka siku ya kufunga maboksi hayatatimizika tena.

Mnunuzi wenu aliuliza vyema kuhusu nzi wa matunda. Nzi huyu asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akapewa jina la kisayansi *Bactrocera invadens*, kisha mwaka 2015 wataalamu wakathibitisha kwamba ni yule yule *Bactrocera dorsalis* anayejulikana Asia siku zote. Jike hutoboa ganda la embe linapoanza kukomaa na kutaga mayai chini yake. Siku mbili tatu za mwanzo, alama anayoiacha haizidi tundu la sindano, pengine na tone dogo la utomvu lililokauka juu yake. Mkaguzi aliyesimama mezani uwanja wa ndege akiwa na kisu na kioo cha kukuzia atalipasua embe hilo, atalitazama, na huenda asione kitu kabisa. Siku ya pili likiwa dukani Maskati kwenye joto, funza wanachezacheza ndani yake. Ndiyo maana nchi nyingi haziridhiki na ukaguzi wa mwisho peke yake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu tarehe 1 Septemba 2019 hupokea maembe ikiwa cheti kinatamka kwamba yametoka katika nchi, eneo au shamba lililothibitishwa halina nzi hao, au yamepitishwa katika matibabu yanayokubalika. Jirani zetu wa Kenya walisimamisha wenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa ajili ya nzi huyu, na walirudi sokoni mwaka 2021, baada ya kuandaa maeneo yenye udhibiti maalumu. Hiyo ni takriban miaka saba.

Kuhusu Bara na Zanzibar: kilimo si jambo la Muungano. Bara wana Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na sisi tuna sheria yetu na wakaguzi wetu chini ya Wizara ya Kilimo. Mzigo unaoondokea hapa moja kwa moja hukaguliwa hapa. Kama mtaupitishia Dar es Salaam, ulizeni pande zote mbili mapema ni nani atakayetia saini, wala msiliache suala hilo likajibiwe na wachukuzi wa mizigo.

Bi Viungo, Darajani

Ahsante sana Bwana Mkaguzi, umeeleza vizuri. Mimi husafirisha viungo vikavu, naomba niongeze mambo ambayo hayapo kwenye matunda lakini kikundi hiki kitakutana nayo siku kikipanua biashara.

Kwanza, cheti cha afya ya mimea kinahusu wadudu na maradhi ya mimea tu. Hakisemi lolote kuhusu sumukuvu, mabaki ya dawa za shambani, wala unyevu wa pilipili manga. Mambo hayo ni ya usalama wa chakula na yana vipimo vyake na karatasi zake. Nimewaona wenzangu wakiamini kwamba wameshakamilisha kila kitu kwa sababu wana cheti kimoja chenye muhuri mzuri, kisha mzigo ukakwama kwa jambo ambalo cheti hicho hakikupata kulizungumzia.

Pili, mbao. Watu husafisha mdalasini wakaupepeta na kuupanga, kisha wakauweka juu ya mapaleti yaliyookotwa nyuma ya ghala, yenye magome na matundu ya bungo. Kiwango cha kimataifa cha hifadhi ya mimea namba 15, ambacho kilipitishwa mwaka 2002, kinataka mbao zote za kufungia mizigo zitolewe magome na zipitie matibabu. Kwa njia ya joto, kiini cha ubao kifike nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe kwa methili bromidi. Baada ya hapo hupigwa alama yenye shuke la ngano, herufi za nchi, namba ya aliyezitibu na herufi HT kwa joto au MB kwa methili bromidi. Niliwahi kushuhudia mzigo wa mfanyabiashara mwenzangu ukizuiwa bandari ya ugenini ilhali viungo vyenyewe havikuwa na kasoro yoyote. Kosa lilikuwa kwenye vipande vya mbao vilivyokazwa pembeni ili magunia yasisogee. Vile vipande navyo vinahesabiwa, na gharama ya kurudisha mzigo ilikuwa kubwa kuliko faida iliyotarajiwa.

Tatu, na hapa tuache kujiona kwamba sisi ni wa kuletewa maradhi tu. Konokono wakubwa wanaopanda kuta zetu wakati wa mvua asili yao ni pwani hii ya Afrika Mashariki, na leo wamekuwa balaa katika visiwa vya Pasifiki, Asia na sehemu za Amerika. Mwaka 1966 kijana mmoja alirejea Miami kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu mfukoni. Wakatupwa bustanini, wakazaana, na Florida ikahangaika hadi miaka ya sabini kuwamaliza. Wakaonekana tena mwaka 2011, wakapigwa vita miaka kumi, kisha wakaonekana tena mwaka 2022. Kwa hiyo kontena likikaa juu ya nyasi mbichi kabla ya kwenda bandarini, mimi hulitazama chini na kwenye pembe zake mwenyewe kwa tochi. Anayekagua kontena lililotoka Afrika Mashariki huko linakokwenda anajua kabisa anatafuta nini.

Msomi wa Biashara

Heshima kwenu nyote, na kwa Bi Viungo kipekee. Nayakubali mliyoyaeleza kwa upande wa sayansi, ila nadhani mazungumzo yanakuwa ya upole mno kwa nchi zinazonunua.

Masharti haya hutumika mara nyingi kama ukuta wa kibiashara. Ushuru ukipunguzwa, kinachobaki ni mdudu. Nchi moja huandika kwamba inahitaji miaka kadhaa kufanya tathmini ya hatari ya ndizi zetu, na wakati tathmini inaendelea, mkulima wake anauza bila mshindani. Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi kwa hoja kwamba nchi hizo zilikuwa zimeyazuia mazao yetu, ndizi zikiwamo kwa upande wa Afrika Kusini, na zuio hilo likaondolewa baada ya muda mfupi, mazungumzo yalipoanza kusonga mbele. Barua zilizolala miaka mingi zikapata majibu katika siku chache. Hapo mtu ana haki ya kuuliza kama kilichobadilika kilikuwa mdudu au siasa.

Mkulima wa Wete akitakiwa athibitishe hali ya nzi shambani kwake, atundike mitego na aandike daftari la wanaonaswa, gharama zote ziko kwake. Nchi tajiri ina maabara kila mkoa, sisi sampuli nyingine tunazipeleka mbali kutambuliwa. Tunapokubali kwamba kila sharti ni halali kwa sababu tu lina jina la kisayansi, tunakuwa tumeshindwa kabla ya kuanza.

Mkaguzi Mstaafu

Bwana Msomi, sikupingi katika lile la kwamba masharti hutumika vibaya. Nimeyaona hayo. Lakini silaha dhidi ya matumizi hayo mabaya zipo, na shida yetu ni kwamba mara nyingi hatuna risasi za kuzijaza.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea, ulioanza kazi tarehe 1 Januari 1995, unasema katika kifungu cha pili kwamba sharti lolote liwe na misingi ya kisayansi na lisidumishwe bila ushahidi wa kutosha. Kifungu cha tano kinaruhusu sharti la muda pale ushahidi unapokuwa haujatosha, ila kinailazimisha nchi iliyoliweka itafute taarifa zaidi na kulipitia upya katika muda unaofaa. Kifungu cha sita, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye manufaa makubwa kwa visiwa kama vyetu, kinaitaka nchi inayonunua itambue maeneo yasiyo na kisumbufu fulani hata kama nchi nzima haijasalimika. Kisiwa kimezungukwa na bahari. Mpaka wake hauna haja ya kuchorwa. Pemba inaweza siku moja kuomba itambuliwe peke yake kwa zao fulani na kisumbufu fulani.

Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka anayedai kuwa eneo lake ni salama ndiye alete ushahidi. Na ushahidi huo ni nini kama si daftari la mitego, mahali ilipotundikwa, tarehe ilipofunguliwa, idadi ya nzi walionaswa, na sampuli zilizotambuliwa na mtaalamu mwenye sifa? Nchi inayotaka kutufanyia tathmini ya hatari huanza kwa kutuuliza orodha ya visumbufu vya zao husika vilivyopo kwetu. Tukiwapelekea orodha iliyonakiliwa kutoka kitabu cha zamani, wao watajaza mapengo kwa kudhania lililo baya kabisa, na mkataba unawapa nafasi ya kufanya hivyo. Siasa inaweza kuifungua barua iliyolala. Haiwezi kuandika data za misimu mitatu ambazo hakuna aliyezikusanya.

Kuhusu gharama nakubaliana nawe kabisa: ufuatiliaji wa visumbufu ni kazi ya serikali, si ya mkulima peke yake, na bajeti yake haipaswi kungojea mpaka mdudu aonekane.

Mzee wa Mtambile

Wanangu, mmezungumza maembe na ndizi, nami nataka kusema juu ya karafuu, kwa sababu kisiwa hiki kikipoteza mikarafuu hakuna boribo litakaloziba pengo.

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita mikarafuu mikubwa ilikufa kwa wingi hapa Zanzibar, hasa Unguja, kwa ugonjwa ulioitwa kifo cha ghafla. Mti uliokuwa umebeba ulianza kupukutisha majani, na baada ya muda mfupi ukasimama mkavu. Watafiti walihangaika nao miaka mingi, na ni katika miaka ya hamsini ndipo ulipohusishwa na kuvu iitwayo *Valsa eugeniae*. Waliozaliwa baada ya hapo hudhani mkarafuu haufi ila kwa uzee au kwa shoka.

Ninalolihofia zaidi leo ni Indonesia. Huko ndiko kwenye karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, na huko kuna ugonjwa wa Sumatra, unaoletwa na bakteria *Ralstonia syzygii* anayeishi katika mishipa ya maji ya mti na kuenezwa na mdudu mfyonzaji aitwaye Hindola. Mti huanza kukauka kuanzia juu, ukafa katika kipindi cha miezi sita hadi miaka mitatu hivi. Jamii nyingine ya bakteria huyo huyo ndiyo inayoleta ugonjwa wa damu wa migomba huko huko Indonesia, basi mjue kwamba mlango mmoja unaweza kuingiza hasara mbili. Nasikia vijana wakisema mbegu za huko huzaa mapema na tuzilete. Mbegu ya karafuu haivumilii kukaushwa, hufa. Kwa hiyo anayetaka kuileta hulazimika kuisafirisha ikiwa mbichi, au kuleta mche mzima, na hizo ndizo hali mbili zinazopendwa na maradhi.

Karafuu kavu kwenda nje si kazi ya kikundi, Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, ndilo lenye dhamana ya kununua na kusafirisha kwa mujibu wa sheria. Miche lakini ni kazi ya kila mtu. Chukueni miche ya vitalu vinavyotambulika vya hapa hapa. Na msidhani hatari inatoka ng'ambo tu: vipando vya muhogo vinavyovushwa kutoka Unguja kuja Pemba, na kutoka Bara kuja Unguja, ndivyo vilivyoeneza magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia. Michirizi hiyo iliandikwa kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936, na mpaka leo mtu hupokea mzigo wa vipando darini mwa boti bila ya kumuuliza mtu.

Mkulima wa Wete

Shukrani kwa wote, na Mzee wetu Mungu akupe umri. Tumekaa na wenzetu na tumekubaliana kwamba machipukizi ya Ngazija hayaji. Yule ndugu ameshaarifiwa, hakufurahi, lakini ameelewa. Mwenye duka naye ameombwa aanze na kibali cha kwao.

Limebaki la shambani. Miembe yetu imejaa maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma, na baadhi ya wenzetu wanataka wapigwe dawa kwanza kwa sababu wavunaji wanakataa kupanda. Pia tungependa kujua mitego itundikwe wapi, na kama shokishoki nazo zinahitaji utaratibu huo huo.

Mkaguzi Mstaafu

Maji moto waacheni. Utafiti uliofanyika Benin katika miembe ulionyesha kwamba palipo na sisimizi wa jamii hiyo matunda yanayoharibiwa na nzi hupungua, kwa kuwa humsumbua jike anapotua kutaga. Hapa kwetu sifa zao zilikwisha kujulikana tangu miaka ya hamsini kwenye minazi, ambako huwadhibiti kunguni wanaoangusha vidaka. Wavunaji watumie kichumio chenye mfuko na mti mrefu, wavune alfajiri kabla sisimizi hawajachangamka, na wajipake majivu mikononi. Jambo moja tu: asiingie hata sisimizi mmoja kwenye boksi. Kwenu ni rafiki, lakini mkaguzi wa Maskati akimwona akitembea juu ya embe ataandika kwamba mzigo una mdudu hai.

Mitego ya methili eujenoli, dawa ambayo harufu yake huvuta nzi, itundikwe kwenye kivuli ndani ya matawi, kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini, na jua la mchana lisiipige moja kwa moja. Kumbukeni inavuta madume pekee. Kazi yake kubwa ni kuwaonyesha wingi wa nzi, na haitoshi kuwamaliza. Fungueni kila wiki siku ile ile, hesabuni, andikeni, hata wiki ambayo hakuna aliyenaswa andikeni sifuri. Matunda yote yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa zaidi ya nusu mita, au yafungwe kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuachwa juani, maana funza akishatoka kwenye embe hujichimbia juu juu tu kwenye udongo na kugeuka pupa, na baada ya siku chache anatoka nzi mwingine.

Shokishoki zina shida yake. Nzi si tatizo kubwa kwake kama vidung'ata na vidugamba, wadudu wadogo wafyonzaji wanaojificha katikati ya zile nywele, hasa pale kikonyo kinapoungana na tunda. Zivuneni kwa vikonyo vifupi, mzisugue moja moja kwa brashi laini, mzipulize kwa upepo wa pampu juu ya kitambaa cheupe, kisha mtazame kilichoanguka kwenye kitambaa. Kama kuna unga mweupe unaotembea, fungu hilo liende soko la Chake. Na mkaguzi mwiteni shambani matunda yakiwa bado mtini, wiki mbili tatu kabla ya kuvuna.